Jicho la Kulia la Musimbi

Musimbi alitunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu alipojaribu, akasema asante Yesu, akaendelea kupinda mikono ya sare za kwaya. Alikuwa amebadilishiwa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, upande wa kulia. La kushoto lilikuwa zima tangu zamani. Daktari alimwambia atie matone na asisugue. Mengine hakuambiwa, na Musimbi si mtu wa kuulizauliza.

Sare zilipoisha alitoka Kawangware kuzipeleka Kambi Muru, Kibera. Kwenye barabara mpya akakuta nyumba ya udongo imekaa katikati ya lami, mabati yenye kutu, mlango mwekundu. Magari yalipita ndani yake bila kuigusa. Akafumba jicho moja, kisha jingine. La kushoto liliona barabara, la kulia liliona nyumba. Haya basi. Nyumba ya watu haipitwi ovyo, kwa hiyo akapiga hodi, akavua viatu, akaviweka kando ya kizingiti.

"Mathe, utagongwa!" dereva wa lori alimwambia, akamzunguka.

Ng'ambo kulikuwa na mwanamke akikaanga mahamri. Akaacha karai motoni, akaja.

"Mama, nani alikuonyesha mlango wetu?"

"Si ni huu hapa, mwekundu."

Mwanamke akatazama viatu, halafu uso. "Ulifanyiwa jicho gani?"

"La kulia."

"Basi hilo ni la mama yangu," alisema, akarudi kugeuza mahamri yasiungue.

Jina lake Hadia. Mamake, Mabruka, alizaliwa katika nyumba hiyo, na babake Mabruka kabla yake. Tingatinga lilipoibomoa, waliahidiwa kiwanja kingine. Baadaye ofisi ya ardhi ikasema hapo hapakuwahi kuwa na nyumba. Mabruka alikufa akisubiri, akaacha neno kwamba macho yake apewe mtu mwenye kazi nayo. Hadia na watoto wake walikuwa wakilala kwenye kibanda cha mahamri.

"Ya nini kuandikia mate na wino ungalipo?" alisema Hadia. "Twende ukawaambie."

Karani wa ofisi ile alikuwa mtu wa heshima, akawapa viti. Alimsikiliza Musimbi mpaka mwisho: mlango, dirisha la jikoni, mpera wa uani. Hakubisha hata kidogo. Akaandamana nao hadi barabarani.

"Sawa, mama. Sasa funga hilo la kulia. Unaona nini?"

"Lami."

"Ndiyo hiyo." Akanunua mahamri mawili, akarudi kazini.

Ilimuuma Hadia. Musimbi ilimuuma zaidi, maana yeye nyumba alikuwa anaiona.

"Si uingie uone kama mama yuko," alisema Hadia.

Musimbi akavua viatu, akaingia. Mkeka ulikuwepo, na kawa za rangi, za kufunikia chakula, ukutani. "Hayuko," aliita. "Jicho ni lake, na mtu hajioni mwenyewe."

"Kuna kioo nyuma ya mlango."

Basi la abiria likapita sebuleni, Musimbi akaliachia njia, kisha akasimama mbele ya kioo. Mabruka alikuwa humo, gurbaba yake, ile leso ya Kinubi, ya maua, ameifunga vizuri kiunoni.

"Yuko."

"Mwambie wamekataa."

Musimbi akamwambia. Kwenye kioo, midomo iliyosogea ilikuwa ya Mabruka.

"Anasema nini?"

"Anasema wamekataa."

Hadia akamsogezea viatu vyake, lori lisije likavikanyaga.