Taulo la Tano

Kwa wiki tatu mama yangu alikuwa hawezi kugeuza shingo upande wa kushoto. Ukimwita kutoka upande huo, aligeuka mwili mzima, polepole, kama kabati linalohamishwa na watu wasioelewana. Mama mdogo, anayefanya naye kazi katika duka lao la dobi, alikuwa amezoea kumsemesha kwa upande wa kulia tu.

Chanzo kilijulikana. Mashine ya kukamulia ilikuwa imeharibika, na wawili hao wakawa wanakamua mashuka kwa mikono, kila mmoja ameshika ncha yake na kuisokota kinyume na mwenzake. Fundi alipokuja, mashine ikapona, mama akabaki na maumivu. Daktari alimpapasa, akasema shingo haina ugonjwa, ina uchovu. Lakini asipoupumzisha mwili, shingo itakaza kabisa, na mkono wa kazi utafuata. Mama alimshukuru kwa heshima zote, akarudi dukani, akawasha pasi.

Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu. Muhula huo niliandika insha ndefu juu ya haki ya mfanyakazi ya kupumzika, nikasifiwa. Kurasa zake za mwisho niliziandikia pale dukani, wikendi moja niliyokuja nyumbani, mama amesimama hatua mbili kutoka kwangu akipiga pasi foronya. Jambo hilo lilinichoma, nami sikutaka liishie katika kunichoma tu.

Mteja wao mkubwa ni hamamu iliyo mtaa wa tatu kutoka dukani, nyumba ya kuogea yenye chumba cha mvuke na bwawa la maji moto. Kila mwaka msimamizi wake humpa mama kadi mbili za mwaliko, na kila mwaka mama huzitia katika droo ya vifungo vilivyosahauliwa mifukoni hadi muda wake upite. Safari hii nilizitoa mwenyewe. Zilikuwa zimebakiza siku moja, Jumamosi.

"Na nguo za hoteli?" mama aliuliza.

"Nina mikono miwili," mama mdogo akajibu. "Nenda, dada. Ila nakujua. Saa moja haitaisha hujafanya kazi. Utarudi umewakunjia mataulo yao."

"Mimi? Nitalala kama gogo."

"Mwanangu, mwangalie huyu," mama mdogo akaniambia. "Akigusa kikapu, mpige mkono."

Mlangoni tulipewa taulo mojamoja. Mama alilipokea lake kama mzazi anayekabidhiwa mtoto aliyerudi kutoka shule, akalikagua pindo kwanza, kisha akajifunga.

Chumba cha mvuke kilikuwa na vigae vyeupe, mabenchi ya mbao na harufu ya mkaratusi. Wanawake wanne walikuwa wameketi humo, nyuso zinang'aa. Dakika kumi za mwanzo mama alikuwa mfano wa kuigwa. Kisha mmoja wao akatoka, akaacha taulo lililolowa kwenye benchi, limejikunyata. Mama alilitazama. Akatazama pembeni, upande wa kulia, maana ndio pekee aliokuwa nao.

"Mama."

"Sijafanya kitu."

"Unalitazama."

"Macho nayo yamekatazwa?"

Nilitoka kujimwagia maji baridi. Niliporudi, mataulo yote yaliyolowa chumbani yalikuwa sakafuni katika mafungu mawili: yenye mafuta huku, yenye maji matupu kule. Mama alikuwa amechuchumaa katikati, taulo la mwisho mkononi.

"Yakilala pamoja, mafuta yanahamia kwa mengine," alinieleza kwa sauti ya chini. "Sifanyi kazi. Nazuia kazi."

Kabla sijamjibu, mwanamke mmoja kijana kwenye benchi akasema, "Mama, ukimaliza hapo niletee lingine kavu."

"Haya, mwanangu," mama akasema, na tayari alikuwa anainuka.

Damu ilinipanda. Nilifungua kinywa nimsomee dada yule insha yangu yote, pamoja na marejeo, lakini sauti nzito ikanitangulia kutoka mlangoni.

"Huyo ni mgeni kama wewe, mdogo wangu. Mataulo yako rafuni, na miguu unayo."

Alikuwa mkandaji wa hamamu, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana. Yule kijana aliomba radhi, akaenda rafuni mwenyewe akijicheka. Mkandaji akayatazama yale mafungu mawili kwa muda.

"Hebu likunje moja kavu, nikuone."

Mama alinitazama kama anayeomba ruhusa. Akalikunja mara tatu, akaiacha pembe moja nje, akaliviringisha. Mkandaji akaishika ile pembe, akavuta. Taulo likafunguka lote hewani, moja kwa moja.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Unajua mimi nikimkanda mtu, mkono mmoja hautoki mgongoni kwake? Ukitoka tu, anashtuka, misuli inakaza, naanza upya. Mataulo yako nayafungua kwa huu mwingine. Enzi za dobi wa kabla yako nilikuwa natumia meno."

Mama akalishika lile taulo. "Nilidhani hakuna aliyegundua." Akanielekeza kwa kidevu. "Nilipokuwa namlea huyu, mkono mmoja ulikuwa wake siku zote. Nikajifunza kukunja vitu vifunguke kwa ule uliobaki."

Nami sikuwa nimelijua hilo.

"Haya, lala hapa," mkandaji akasema, akipiga kofi kitanda cha jiwe kilichokuwa karibu na mlango.

"Nilitaka nimalizie tu haya..."

"Dada yangu, miaka yote hii umekuwa mkono wangu wa pili, na hata salamu sijakupa. Lala."

Mama akalala. Taulo moja likatandikwa chini yake, la pili likafunika miguu. Lilipofika la mgongoni, sauti ikatoka chini kwa chini: "La tatu hilo."

"Hesabu ziache dukani."

La nne lilikunjwa chini ya paji la uso wake, naye akaguna. Sijui kama ni kwa ajili ya shingo au taulo. Mkandaji alizamisha dole gumba karibu na bega.

"Hapa pana nini?"

"Mashuka."

"Na hapa?"

"Mashuka."

"Na hapa, palipo pagumu hivi?"

"Hapo ni huyo binti na chuo chake."

Chumba kizima kilicheka. Mimi pia nilicheka, ingawa nililazimika kuinamisha uso. Kicheko kilipotulia tukasikia sauti nyingine, nene na ya taratibu. Mama alikuwa anakoroma.

Alilala nusu saa nzima. Alipoamka tuliingia bwawani, akaelea chali akitazama dari, akatabasamu peke yake. Tulipokuwa tunavaa, akaniita.

"Niombee taulo jingine, mwanangu."

"La tano?"

"La nywele."

Alizikausha bila haraka. Kisha akasimama kando ya kikapu, nami nikaona vidole vyake vikiitafuta pembe. Vikaipata. Vikaiachia. Taulo likaanguka sakafuni, pu, naye akalikanyaga akipita.

"Twende," akasema, "kabla sijaliokota."

Jumatatu asubuhi mama mdogo alifungua gunia la hamamu, na kwa hasira akasahau utaratibu, akasimama upande wa kushoto.

"Hebu tazama hili. Limetupwa chini, lina alama ya mguu kabisa. Jumamosi waliogesha nani pale, tembo? Dada, nakuuliza wewe."

Mama hakuacha kupiga pasi. Mabega yake hayakusogea. Shingo ndiyo iliyogeuka, peke yake, kushoto, mpaka kidevu kikakaribia bega.

"Watu wengine," akasema, "hawana adabu."

Mama mdogo akabaki ameshika taulo, kinywa wazi, akimtazama dada yake usoni.