Rovu Lililoshuka Kifuani

Kwa miaka minne Gorreti alilala ameketi. Alikuwa askari magereza mjini Jinja. Rovu lake, uvimbe wa tezi ya shingoni, lilionekana dogo tu, lakini sehemu kubwa ilikuwa imeshuka nyuma ya mfupa wa kifua, ikaibana njia ya hewa. Akilala chali, pumzi ilikatika. Basi nyumbani kwake Nalufenya alijiegemeza ukutani, na usingizi ukamjia vipande vipande, na ndoto ileile: anatembea chini ya mto, maji ya kijani, samaki wanampita usoni bila haraka.

Mumewe, Otim, akampeleka Mbale kwa daktari wa upasuaji aitwaye Vandana. Daktari akainua picha ya kifua dirishani.

"Afande, kivuli hiki ndicho rovu. Nitajaribu kulitoa kupitia shingoni. Likikataa, itabidi nifungue mfupa wa kifua."

"Na sauti yangu?" Gorreti ndiye aliyetoa amri za gwaride kila asubuhi.

"Mshipa wa sauti umepita hapohapo. Nitaulinda, lakini siwezi kukuahidi."

Gorreti akamtazama mumewe.

"Mimi nataka upumue tu," Otim akasema.

Siku ya upasuaji, walipomlaza kwa dawa ya usingizi, akajikuta tena mtoni. Safari hii mchanga wa chini uliinuka ukawa mteremko. Akapanda, akatoka majini, akaendelea kupanda mpaka juu ya mlima Wanale, ukungu baridi ukimwingia kinywani kama maziwa.

Aliamka alasiri. Rovu lilikuwa limetoka kupitia shingoni, kubwa kama parachichi, na mfupa haukuguswa. Siku ya tatu muuguzi alipotaka kukishusha kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwani, Gorreti aliushika mkono wa Otim kwa hofu. Kitanda kikashuka, kikawa sawa kabisa. Hewa ikaingia, ikatoka.

"Niache nilale," akasema. Ulikuwa mnong'ono tu.

Miezi ikapita, sauti ikarudi nusu. Gwaride akapewa Ritah, askari aliyekuwa chini yake. Gorreti akawekwa ofisi ya kupokea wafungwa wapya. Asubuhi ya kwanza alimsikia Ritah akipaza amri uwanjani, na wivu ukamchoma. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingizwa mwanamke anayetetemeka.

"Keti, mama. Unaitwa nani?"

Kwa sauti ile ya nusu, mwanamke yule hakusikia vizuri. Akasogeza kiti karibu, akainama, na taratibu akaanza kueleza habari zake.