Kiti cha Dakika Nne

"Rudia, mama. Safari hii lia."

Dobi alirudi mlangoni kwa mara ya tatu, binti yake mgongoni. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja, miguu imelegea tangu alipougua homa kali utotoni, na uzito wake haukuwa wa kubebwa na mtu aliyeinamia beseni tangu alfajiri. Lakini kijana maarufu, ambaye mtandaoni walimwita Baba wa Wanyonge, alitaka mama huyo aonekane akiingia, akikiona kiti alicholetewa mtoto, akiishiwa nguvu.

"Mara ya kwanza nililia, mwanangu. Tena kwa kweli."

"Najua, mama yangu. Mwanga ulitugomea."

Chumba hakikuwa tena chake. Redio, pazia jipya na kabati la vyombo vilikuwa vimetolewa uani ili visiharibu picha. Ndoo iliyotoboka, aliyokuwa ameshaitupa, ilirudishwa ndani na kuwekwa katikati.

Alilia. Kiuno kilikuwa kinamwaka moto, machozi hayakuhitaji kubembelezwa.

Wakamkalisha binti kwenye kiti cha magurudumu, cha buluu, kingali na nailoni mikononi. Mtoto hakungoja kuelekezwa. Alijisukuma mwenyewe hadi ukutani, akageuka, akarudi, akacheka kicheko ambacho mama yake hakuwahi kukisikia.

"Imekubali!" mpiga picha akasema. Kisha akamnyanyua binti kama mtu anayeondoa mto, akamlaza kitandani na kuanza kukikunja kiti.

"Mnakipeleka wapi?"

"Hiki ni cha kurekodia, mama. Chako kinakuja Jumatatu."

"Basi niachieni hiki, hicho cha Jumatatu mkampe mwingine."

Kijana alitabasamu kama wanavyotabasamu watu wa kwenye mabango. "Mama yangu, usiwe mgumu. Saa nane tuna familia nyingine."

Jumatatu ilipita. Zikapita nyingine nne. Dobi alipopiga simu, ilipokelewa mara moja tu, na baada ya hapo haikupokelewa tena. Video yenyewe, ya dakika nne, ilikuwa imetazamwa na watu milioni mbili. Wateja wake wa nguo walimpongeza kila mlango alioingia. Alipowaambia kiti hakipo, walimwangalia kama mtu anayeficha sukari mgeni asiione.

Akaenda ofisi ya ustawi wa jamii, ghorofa ya pili, ngazi thelathini na sita, mtoto mgongoni. Huko jina la binti lilikuwa kwenye orodha ya kusubiri kiti kwa mwaka wa tatu.

"Mmefutwa," afisa akasema.

"Nani katufuta, mheshimiwa?"

Afisa akamgeuzia kompyuta. "Huyu si wewe? Na huyu si mwanao? Mbona hapa amekaa?"

"Walikichukua."

"Hapa hawakichukui."

"Wamekata! Baada ya hapo walikikunja, wakaondoka nacho."

"Mama, mimi nafanya kazi kwa ushahidi. Wewe unao?"

"Huu hapa mgongoni."

Nyuma yake, mwanamke mmoja mwenye mtoto anayetembelea magongo alisonya. "Wenzako hata kimoja hatujapata. Wewe unataka viwili?"

Dobi alimgeukia; angekuwa yeye, pengine angesema hivyo hivyo. Hasira yote akairudisha mezani. Alipiga kiganja hadi faili zikaruka.

"Mtu hajui hata jina la mwanangu, mkamwamini yeye! Mimi nimepanda ngazi hizi miaka mitatu, mnanijua kwa sura! Njooni nyumbani kwangu mkatazame. Leo! Sasa hivi!"

"Hatuna gari la kuzunguka nyumba kwa nyumba," afisa alisema, akizipanga faili upya. "Siku hizi tunaangalia mtandaoni. Inatosha." Akamwita mlinzi kwa kidole.

Mlinzi alimshika mkono taratibu, kwa aibu, akamsindikiza hadi mwanzo wa ngazi. Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda.

Kesho yake, aliporudi kutoka kukusanya nguo, alimkuta binti amejiegemeza kitandani na simu ya jirani yao, fundi cherehani. Alikuwa akijitazama. Kwenye kioo kile kidogo alikuwa akijisukuma kuelekea ukutani.

"Lete hiyo simu!"

"Mama, ngoja. Nakaribia kugeuka sasa hivi. Tazama nilivyogeuka, hakuna aliyenishika!"

Dobi alibaki na mkono hewani. Kwenye simu binti aligeuka, akacheka, na video ikaisha. Chini yake watu wasiomjua walikuwa wameandika kwamba ana bahati mtoto yule.

Binti akaianzisha upya. Kabla ya kiti likatangulia tangazo la sabuni, wimbo wake mchangamfu, na yeye, aliyekwisha kuukariri, akauimba wote hadi mwisho, akisubiri zamu yake ya kukaa.