Anayelia na Anayecheka Chini ya Leso

Nilisema wazi mbele ya wazee wote: huyu Marete akikosea kumtambua bibi harusi, achukue mbuzi wake arudi nao Meru. Kakangu Waweru alicheka akidhani natania. Kwa wengine anayekosea hutozwa faini na mambo yakaisha, lakini mimi sikutaka faini. Wangechi nimemlea tangu mamake, dada yangu Watiri, azikwe, mtoto akiwa hajaanza shule, na sikuwa tayari kumkabidhi mtu asiyemjua. Mwenyewe nilimwuliza. Akasema, akiniita kwa lile jina letu la mama mdogo, "Sawa, Tata. Kama hanijui, aende."

Hiyo ndiyo desturi yetu siku ya mahari. Wasichana hufunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, wakasimamishwa kwenye mstari, na bwana harusi akatafuta wake bila kugusa wala kusikia sauti. Mimi niliongeza ukali kidogo. Wote niliwavisha viatu vya aina moja, na wafupi nikawasimamisha juu ya matofali. Kisha nikajifunika leso na mimi, nikaingia katikati yao.

Kwa nini nisiingie? Kiti cha mama, pale mbele ya hema, kilikuwa kimekaliwa na mke wa Waweru. "Tata si mama," kakangu alikuwa ameniambia asubuhi, "na wewe hata hujaolewa. Wageni watatuonaje?" Nikaenda kumenya ndizi. Mwenye kovu usidhani amepoa. Nilichemka kuliko sufuria iliyokuwa mekoni.

Wanawake wa kwetu Mukurweini wakaanza kuimba. Nilikuwa nimejiapiza kusimama kama mlingoti, lakini nilimkumbuka Watiri, ambaye angeimba kuwashinda wote, na machozi yakanitoka. Sikujua nalia nini. Furaha ilikuwepo, uchungu ulikuwepo, na vyote vilipitia macho yale yale. Mabega yakanitikisika. Mwisho wa mstari kulikuwa na mwingine anayetikisika, ila yeye alikuwa anacheka, na kila mtu alimsikia akijizuia.

Kananu, shangazi yake Marete, hakuchelewa kutoa ushauri. "Chukua huyo analia," akamwambia. "Bibi harusi ndiye analianga akitoka kwao. Huyo wa kucheka ni wale wa mchezo tu."

Marete akaja moja kwa moja hadi mbele yangu. Leso ilikuwa nyepesi na niliviona viatu vyake vimesimama. Haya basi, nikawaza, amekosea. Ajabu ni kwamba niliumia. Kumbe muda wote huo nilitaka ashinde.

Akarudi nyuma. Akavua kofia, akageuza uso kando.

"Huyu siwezi kufunua," akasema. "Huyu ni mama mkwe."

Wimbo ukakatika. Kwao na kwetu, mwanamume hamkaribii mama wa mkewe ovyo. Humpisha njia. Na kijana huyu alinipisha, akazunguka mbali kama anayepita kando ya madhabahu.

"Mama mkwe ako hapa kwa kiti," Waweru akaita.

"Huyo pia namheshimu, Mjomba. Lakini mwenye alilea Wangechi ni huyu. Ni nani mwingine anaweza kumlilia hivi?"

Akaenda hadi mwisho wa mstari, kwa yule aliyecheka. Akainama.

"Wangechi, usihuzunike," akasema polepole. "Si mbali. Tutakuwa tunakuja kumwona."

Kicheko kikakatika, kikawa kilio. Marete akaifunua leso, na hapo alikuwa msichana wangu, kamasi zinamtoka, hajali.

"Ulijuaje?" Wangechi akauliza.

"Ile siku uliniambia vile mamako aliaga, ulicheka mpaka ukashindwa kuongea. Ukiwa na furaha, wewe unanyamazanga tu."

Ni kweli. Pale kaburini Wangechi alicheka, na kuna mzee aliyetaka kumchapa kwa kukosa adabu. Nilimbeba nikaondoka naye, kwa sababu nilijua mtoto yule ndiye aliyeumia kuliko waombolezaji wote. Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi peke yangu niijuaye siri hiyo. Sasa tulikuwa wawili.

Niliivua leso nikaitupa, nikapiga vigelegele hadi koo likaniwasha. Wanawake wakanipokea, na Kananu, aliyekuwa ameshindwa mchana kweupe, akapiga vya kwake kwa sauti kunizidi. Nilicheka na kulia pamoja bila aibu. Anayetaka kutenganisha hivyo viwili na ajaribu.

Waweru akasimama, akakohoa. Akauliza ni nani sasa atakayesema kwa niaba ya mama. Marete alikuwa ameshanigeukia, macho chini, kofia mkononi, akingoja nimpe Wangechi.

Nikampa.