Ukuta wa Vigae 10,007

Mwalimu Baki aliitwa hivyo kwa sababu darasani hakumruhusu mtu agawanye halafu atupe baki. Alikuwa amestaafu, ila ukali hakuustaafu. Alimkuta shemeji yake, mdogo wa mumewe na mwenyekiti wa kamati ya ukuta, kwenye karakana ya vigae, anajifuta jasho kabla hata hajaulizwa kitu.

Ukuta ulikuwa wa waliokufa kwenye mafuriko, kila mtu na kigae chake chenye upana wa kiganja, jina limechongwa. Vigae 10,007. Mwenyekiti alitaka safu mia za vigae mia mia, mraba uliokaa sawasawa. Saba waliopatikana mwisho wangeachwa nje, na mmoja wao alikuwa binti wa Mwalimu.

"Vitatunzwa ofisini, shemeji, kwenye kabati zuri," mwenyekiti alisema. "Orodha ya wa kuachwa nimeianza na wa kwetu, mtu asije akasema napendelea."

"Wewe ni baba yake mdogo. Kabatini umweke mwanao?"

Fundi wa vigae, mzee wa watu asiyependa ugomvi, akaingilia. Safu pungufu hajengi, alisema, lakini Mwalimu akipata mpangilio mwingine ambao kila safu inajaa, ataujenga.

Basi Mwalimu akavuta ndoo, akaikalia, akaanza kugawanya kwa chaki juu ya sakafu ya saruji. Kwa tatu, ikabaki mbili. Kwa saba, ikabaki nne. Kwa kumi na moja, nane. Hakuwa na haja ya kuvuka mia, maana kigawanyo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo, na wadogo wote alikuwa anawamaliza. Alihitaji kigawanyo kimoja tu. Akafika tisini na saba, ikabaki kumi na sita. Akaweka chaki chini.

"Haigawanyiki," alisema.

Shemeji akashusha pumzi. "Si unaona mwenyewe? Kaidi ni namba, si mimi."

Machozi yakamlenga Mwalimu, kisha hasira ikayakausha. Elfu kumi inakatika hovyo, kwa mbili, kwa nne, kwa tano, kila mtu ajikatie apendavyo. Warudishe wale saba, haikatiki tena. Ni namba tasa, inakubali kugawanywa kwa yenyewe tu, na kwa moja.

"Safu moja," alisema. "Vigae vyote."

Fundi akakipima kigae kwa kiganja, midomo ikihesabu. "Hiyo ni kilomita nzima, Mwalimu."

"Ukingo wa mto hautoshi?"

"Unatosha na kubaki."

"Nani atatembea kilomita kusoma majina?" shemeji akauliza.

"Sisi. Wao maji yaliwapeleka mbali zaidi."

Mwalimu akakitafuta kigae cha binti yake, akakipangusa vumbi kwa kanga, akamkabidhi shemeji.

"Ulisema unaanza na wa kwetu," alimwambia. "Haya, anza."

Shemeji akakipokea kwa mikono miwili.