Njiwa wa Mama Mkwe

Asubuhi mama mkwe wangu hakuwa mtu wa dunia hii. Alikaa dirishani, shuka begani, sahani ya kiporo cha wali mapajani, na njiwa wakashuka mmoja mmoja ndani ya ule mwanga mweupe kama waliotumwa. Wao walidonoa upande wao, yeye akala upande wake. Tangu baba mkwe afariki, hao ndio walikuwa wenzake. Alisema amezoea kula sahani moja na mtu.

Mimi nafuga kuku wa mayai, akili yangu iko bandani. Bwana mifugo alipopita kutuambia kuwa mafua ya ndege yameingia mtaa wa pili, niliwafungia kuku papo hapo. Kisha nikakumbuka dirisha la mama kule juu, nikapanda ngazi mbio.

"Mama, hiyo sahani italeta ugonjwa."

"Wageni wangu hawana ugonjwa, mwanangu. Wana njaa."

Kubishana naye ni kutwanga maji kwenye kinu. Nilichukua sahani, nikafunga dirisha. Bwana mifugo hakukataza kulisha ndege, ila alisema wasichangamane na kuku wala watu. Basi nikatundika ubao kwenye uzio wa mbali. Naweka nafaka kidogo, ya kuisha siku hiyo hiyo, na kila siku nausugua ubao kwa sabuni na dawa, glavu mkononi. Njiwa walihamia huko bila hata kuaga. Ndege hawana shukrani.

Lakini mama akaacha kula. Alikaa nyuma ya kioo akiwatazama, mwanga ukimpitia, yeye akizidi kuwa mwepesi kila siku, hadi nikahisi nitaingia nikute shuka tupu kitini. Niliogopa sana. Mume wangu alimbembeleza kwa simu kutoka kazini, wapi.

Mchana mmoja nikapanda na sahani moja, vijiko viwili. Kawaida yangu ilikuwa kumwekea chakula na kurudi kwa kuku. Safari hii nilivuta kigoda, nikaanza kula upande wangu. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayerudi kutoka mbali. Kijiko chake kikagusa wali.

"Unakula mbio," akasema. "Njiwa walikuwa wananingoja."

Nilicheka huku machozi yakinitoka. Nikaweka kijiko chini, nikamngoja.