Matanga ya Kofia Mbili

"Mama Ndinda, mimi sikuja hapa kugombana. Nauliza tu mwili uko wapi."

"Na mimi nimeshakujibu. Mwili uko hapo nyuma yako, kwa stuli kando ya mlango, unakunywa uji."

Obiero hakugeuka. Alidhani ni ukali wa mfiwa. Alikuwa amesimama mlangoni mwangu, Kawangware 56, na koti jeusi katikati ya jua la mchana, na kichwani alikuwa amevaa kofia mbili, moja juu ya nyingine.

"Nyinyi Wakamba mnaficha msiba," alisema. "Kwetu msiba ni wa kila mtu. Hamwezi kumpeleka Kofia Kitui kimya kimya kama gunia la ndengu. Huyo ni wetu."

"Nani amekwambia amekufa?"

"Mashimoni yote inajua! Mlikuja na pikapu, mkambeba na blanketi, hamkuaga mtu. Tangu hapo hajaonekana. Mtu akibebwa na blanketi huwa anaenda wapi?"

"Huwa anaenda kwa binti yake."

"Obiero," baba akasema kutoka kwenye stuli. "Hiyo kofia ya chini ni ndogo. Itakuumiza kichwa."

Hapo ndipo alipogeuka. Alimtazama baba, akakaa chini palepale sakafuni, akacheka, kisha akalia, kisha akajipangusa uso kwa mkono wa koti. Alipopata sauti alisema neno ambalo sikulitarajia.

"Mzee, sasa umetuharibia."

"Pole," baba akasema.

"Jeneza liko tayari. Simeon ametengeneza kwa mikono yake, mbao ametoa mwenyewe. Ukumbi umejaa watu. Kina mama wamelia mpaka sauti zimeisha. Nitawaambia nini?"

Afadhali nieleze, kwa sababu vijana wa siku hizi hawajui. Zamani za mkoloni, na miaka ya kwanza ya uhuru, lori la sinema lilizunguka nchi nzima likionyesha picha bure uwanjani ili watu wanunue sabuni. Katikati ya sabuni na sabuni kulikuwa na kichekesho, na mchekeshaji alikuwa baba yangu, Musembi. Alicheza mtu mmoja anayeitwa Kofia Mbili. Siku hizo Mwafrika akikutana na bwana mkubwa alipaswa kuvua kofia. Kofia Mbili alivua haraka sana, akainama mpaka chini, na alipoinuka bado alikuwa na kofia kichwani. Bwana mkubwa anakasirika, Kofia Mbili anavua ile ya pili, wakati mkono mwingine unarudisha ya kwanza. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Watu walikuwa wakilala chini kwa kucheka, na hawakuwa wanacheka sabuni.

Lori lilikufa, kampuni ikaenda, baba akahamia Mashimoni, kule Kibera, na kuuza maji. Lakini watu hawakumsahau. Obiero alipofungua ukumbi wake wa video pale Sarang'ombe, alitafuta zile picha mpaka akazipata kwenye kanda, na kila Jumapili jioni alionyesha Kofia Mbili baada ya Wachina wa filamu za karate kumaliza kupigana. Watoto waliozaliwa juzi walijua kuvua kofia kama yeye. Baba hakuwahi kulipa nauli kwa makondakta wa Kibera. Mtu akikutana naye njiani alivua kofia ya kufikirika, kisha akavua nyingine.

Mimi sikuwa na muda wa hayo. Nina diploma ya uhazili, nafundisha kupiga chapa, na nilikuwa na mgonjwa. Tumbo la baba lilikuwa na uvimbe unaovuja damu kwa ndani. Daktari alisema wanaweza kuukata, lakini hawamgusi mpaka familia ilete watu watatu wa kutoa damu. Kitanda kilikuwa kimepatikana siku hiyohiyo aliyokuja Obiero, Jumamosi. Watu hawakuwa wamepatikana.

Mimi nilikuwa nimetoa yangu mapema, alipoongezewa damu mara ya kwanza, na haiwezekani kutoa tena upesi. Kaka yangu Muia alisema anakuja kutoka Kitui, akaacha kuja. Kanisani walituombea. Mume wangu alisema anaogopa sindano. Nimeishi naye miaka, nimemwona akishonwa mguu bila ganzi, lakini alisema anaogopa sindano, nami sikuuliza zaidi.

"Wako wengi?" baba akauliza.

"Wapi, Mzee?"

"Matangani."

"Mpaka nje. Wengine wamesimama juu ya mitungi."

"Mnaonyesha ile ya baiskeli?"

"Zote. Tukimaliza tunarudia."

Baba aliweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa umekuwa wa rangi ya majivu kwa wiki nyingi, lakini kitu kilipita pale. "Nataka kwenda."

"Unaenda hospitali," nikasema.

Halafu nikasikia nilichokuwa nimeambiwa. Ukumbi umejaa. Watu wanaompenda kiasi cha kumtengenezea jeneza bila kuombwa. Nilikuwa nimezunguka kuomba damu kwa watu wasiomjali, na huku kumbe kuna umati mzima unaomlilia.

"Tutapitia huko," nikamwambia Obiero. "Watakaojitolea watapanda pikapu pamoja naye. Nataka watatu tu wenye afya, watoe damu."

Obiero aliinuka, akakung'uta suruali. Nilidhani anafikiria achague nani.

Khaemba, jirani yangu mwenye pikapu, alitandika godoro nyuma, tukamlaza baba. Tulipofika Sarang'ombe nilisikia kicheko kabla sijauona ukumbi. Ndani ya mabati palikuwa na joto kama jikoni. Mbele, kwenye televisheni, baba yangu akiwa kijana alikuwa anaanguka kutoka kwenye baiskeli. Kando yake kulikuwa na jeneza juu ya viti, tupu, na kofia mbili juu yake. Na watu wote, wanaume na wanawake, mpaka watoto mgongoni, walikuwa wamevaa kofia mbili mbili. Aliyekosa kofia alivaa bakuli la plastiki.

Tuliingia tukimshika baba huku na huku.

Mwanamke wa kwanza kumwona alipiga yowe. Mwingine aliruka benchi akatoroka. Kisha Filister, jirani yake wa zamani wa Mashimoni, bibi kizee mwenye fimbo, alikuja akamshika baba mashavu kwa mikono miwili, akayafinya.

"Ni moto," akatangaza. "Huyu ni mzima. Mzee mjinga wewe, nimekulilia mpaka nimeshindwa kula!"

"Ungekula," baba akasema. "Mimi nilikuwa nakula."

Nilidhani mabati yatang'oka. Walimbeba kwenye kiti, wakamweka mbele. Mtu akapaza sauti, "Kofia! Bwana mkubwa anakuja!" Baba aliegemea bega la Filister, akasimama. Alichukua zile kofia mbili za kwenye jeneza lake, akazivaa, akavua moja, akainama kidogo tu kwa sababu tumbo lilikataa, akainuka akiwa bado na kofia.

Ukumbi mzima ukavua kofia moja.

Sikuwahi kuona jambo hilo ana kwa ana. Nilipokuwa mtoto yeye alikuwa njiani na lori. Nilijua baba anayerudi amechoka na kulala. Sikujua kwamba watu wanaweza kulia na kucheka kwa wakati mmoja kwa sababu ya mtu aliyekuwa ananidai nimkatie kucha za miguu.

Nikaona huo ndio wakati. Nilisimama kando ya jeneza nikasema nilichokuja kusema.

"Mnanijua, mimi ni Mutanu, binti yake. Asanteni kwa kumlilia. Hajafa, lakini atakufa karibuni asipopasuliwa. Kitanda kipo, daktari yupo. Hakuna damu. Nataka watu watatu sasa hivi. Gari liko nje."

Kijana mmoja wa mbele alisimama upesi. "Mathe, hiyo ni kitu kidogo. Tuchange, tununue."

"Haiuzwi. Inatoka kwa mkono wa mtu."

"Sawa. Basi twende."

"Wanapima?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

Ningeweza kudanganya. Sikudanganya. "Wanapima."

"Wanapima ile kitu?"

"Kila damu wanapima."

"Halafu wanakuambia?"

"Mimi hawakuniambia kitu. Sijui wengine."

Yule kijana wa mbele alikuwa bado amesimama. Alitazama mlango. Alivua kofia ya juu, kisha akavua ya chini, akaziweka zote mbili polepole juu ya jeneza, akatoka.

Baada yake hapakuwa na kelele wala mabishano. Mama mmoja alisema ameacha sufuria motoni. Mwingine alimkumbuka mtoto. Simeon fundi alisema, "Mimi nilitoa mbao, Mama," kana kwamba nilikuwa nimemshtaki, akapita ubavuni mwangu bila kuniangalia. Walitoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaotoka kanisani kabla ya sadaka. Kwenye televisheni Kofia Mbili aliendelea kuanguka, akiangukia viti vitupu.

Alibaki Filister. Alikunja mkono wa gauni mpaka begani. "Chukua yangu."

"Mama, hawatakubali. Umri umepita."

"Sasa naiwekea nani?" akauliza. Hakuwa anatania.

Na alibaki Obiero, amejibanza karibu na mashine yake ya video. Nilimwendea na hasira zote.

"Wewe! Mwenyekiti wa matanga! Umevaa koti jeusi, umenitukana mlangoni kwangu, 'huyo ni wetu, huyo ni wetu.' Mkono wako uko wapi?"

"Sauti, Mama Ndinda. Mzee anasikia."

"Asikie!"

Alinishika kiwiko, akanipeleka pembeni. "Unamkumbuka Jael, mke wangu?"

"Namkumbuka. Nilisikia ilikuwa TB."

"Ndiyo," akasema. "TB."

Akaniangalia, akaendelea kuniangalia, mpaka nikaelewa kwamba haikuwa TB tu, na kwamba hata yeye anayo ile kitu.

"Kama ingefaa," akasema, "ungenikuta hospitali. Ningekuwa huko kabla yako, ningewaambia watoe yote. Na hao waliotoka usiwaone wabaya. Kila mlango hapa umezika. Mtu akikaa bila kujua, anaamka asubuhi anachoma mahindi yake, anauza. Akishajua, ataamka kufanya nini?"

Nilikuwa na jibu. Mimi huwa na jibu. Lakini nilimfikiria mume wangu na sindano yake.

Baba aliniita. Alikuwa amekaa mbele ya televisheni, peke yake kati ya mabenchi, kofia mbili kichwani.

"Wameenda wapi?"

"Wana kazi."

"Kazi gani?" Aligeuza uso kutoka kwenye televisheni. "Mutanu, hao watu wamenicheka tangu wewe hujazaliwa. Wamenifuata lori kwa miguu, wamelala uwanjani waningoje. Hakuna siku wamenikimbia. Leo umewafanya wanikimbie."

"Nilikuwa nakutafutia uhai, Baba."

"Najua." Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Nikienda bila hiyo damu watanifanya nini?"

"Watakulaza. Watasubiri."

"Wakisubiri nini?"

Katika maisha yangu nimeamini kwamba kila shida ina utaratibu wake: unajaza hiki, unapeleka kule, unasimama kwenye foleni, hatimaye mtu anakuhudumia. Nilitafuta utaratibu wa hili. Nilipitia majina yote ninayoyajua, ofisini, kanisani, Kitui, kwa wapangaji wa plotini kwetu, na kwa kila jina niliona mlango na mtu akitoka kwa adabu. Hapakuwa na jina lingine. Wodini angelala akitazama ukuta, na mimi ningeruhusiwa kumwona saa moja kwa siku.

Nje walikuwa hawajaenda mbali. Walikuwa wamesimama kwenye vichochoro, wengine kwenye foleni ya maji bila mtungi, wakitazama mlango wa ukumbi. Nilitoka nikasimama kizingitini, nikapiga makofi kama ninavyopiga darasani.

"Sikilizeni! Hospitali tumeacha. Hakuna anayeenda, hakuna anayepimwa. Sitamwomba mtu tena, leo wala kesho. Yeye yuko ndani peke yake. Ingieni mkae naye."

Hakuna aliyesogea.

"Si mlikuja matanga? Haya, mfiwa nimewakubalia. Mtakaa naye mpaka iwe kweli."

Mama wa sufuria ndiye aliyeanza. Alipita mbele yangu, kichwa chini, akagusa mkono wangu kwa vidole viwili. Simeon akafuata. Ndani nilimsikia Obiero akirudisha kanda mwanzo.

Yule kijana wa kwanza alikuwa nyuma ya kibanda cha mahindi, kichwa wazi. Hakuinua macho.

"Wewe," nikamwambia. "Njoo hapa. Unaogopa godoro?"

"Hapana, mathe."

"Basi shika upande huo."

Khaemba aliuliza kama azime injini. Nikamwambia azime. Tulilishusha godoro la baba kutoka kwenye pikapu, mimi upande mmoja na kijana upande mwingine, tukaliingiza ndani kwa ubavu kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba, tukalitandika chini, mbele kabisa, mahali ambapo angeona vizuri.